Ng'ombe Aliyezima Mtandao Kamachumu

Kwetu mzigo wa Marekani haufunguliwi na mtu ambaye jina lake limeandikwa juu. Hufunguliwa na Mama, Kamachumu, barazani, mbele ya mashahidi. Ndivyo ilivyokuwa sanduku la binamu yetu anayeishi Minnesota lilipopandishwa kilimani kutoka stendi ya Bukoba. Ndani mlikuwa na soksi za watoto, vitamini za Baba, koti zito la manyoya ambalo wilaya yetu nzima ya Muleba haina baridi ya kulistahili, na boksi lenye picha ya mtoto wa Kizungu amelala huku anatabasamu.

Boksi lilikuwa la dada yangu. Alikuwa amejifungua, na kwa desturi yetu amekuja kulelewa uzazi kwa Mama hadi mwili umrudie. Binamu, kwa upendo wake, alimnunulia kitu ambacho akina mama wa kule hawalali bila kukiwasha: vifaa viwili vya plastiki nyeupe, kimoja cha kuwekwa karibu na kitanda cha mtoto, kingine cha kubebwa na mzazi popote alipo nyumbani. Mtoto akikohoa kule, mzazi anasikia huku. Hakuna waya kati yao.

Mama alivigeuza, akavitazama chini na juu.

"Huyu mtoto wa kusikilizwa kwa redio, mama yake yuko wapi?"

"Yuko chumba kingine, Mama. Au jikoni."

"Na mgongo wake ameuacha wapi?"

Dada hakujibu, kwa sababu wakati huohuo mtoto alikuwa mgongoni kwake.

Lakini Mama hatupi kitu. Alikuwa na mtamba wa Friziani aliyekaribia kuzaa mimba yake ya kwanza, na mwaka uliotangulia ng'ombe mwingine alizaa usiku wa mvua, hakuna aliyemsikia, asubuhi ndama akakutwa amekufa. Mama aliitazama ile plastiki nyeupe, akatazama bandani, na uamuzi ukapitishwa papo hapo barazani. Mtoto hana haja nayo, mtamba anayo. Kijana wetu wa kazi akavuta waya wa umeme hadi bandani, kifaa cha mtoto kikatundikwa kwenye nguzo juu ya hori, na kile cha mzazi kikawekwa mezani kando ya kitanda cha Mama, karibu na Biblia na dawa ya miguu.

Tangu usiku ule nyumba ilipata redio yenye kipindi kimoja. Ng'ombe anacheua. Ng'ombe anashusha pumzi. Ng'ombe anajipigapiga mkia. Baba, aliyekuwa amezoea kusinzia na taarifa ya habari, alianza kusinzia na cheu. Siku moja kijana alipokuwa anaweka majani alibonyeza kitufe asichokijua, na kifaa kikaanza kumpigia mtamba nyimbo za kubembeleza watoto, za vinanda, moja baada ya nyingine. Alipotaka kuzima Mama akamkataza kutoka chumbani kwake: "Acha! Hata pumzi zake zimetulia." Jirani aliyepita usiku ule akitoka kwenye pombe ya rubisi alieneza habari kwamba kwetu ng'ombe anafundishwa muziki.

Basi ikawa hivyo kila jioni: saa mbili usiku inawashwa, alfajiri inazimwa. Na katika siku hizohizo mtandao wa simu Kamachumu ukaanza kuugua.

Ulikuwa ugonjwa wa ajabu. Mchana simu zinafanya kazi kama kawaida. Ikifika saa mbili usiku, vijiti vya mtandao vinabaki vimesimama vyote kwenye skrini, lakini ujumbe hauondoki. Kwaya ya parokia, inayofanya mazoezi kwa kutumiana sauti kwenye WhatsApp, ikawa inaimba kila sauti kivyake hadi Jumapili. Mwalimu mmoja alipanda juu ya kichuguu na simujanja yake, akashuka, akapanda tena. Mtu pekee aliyeendelea kuongea kwa raha alikuwa Baba Mdogo, mwenye kiswaswadu. Mwaka 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipozima simu bandia nchi nzima mwezi Juni, simu yake ya skrini kubwa ilikufa usiku mmoja, na tangu hapo akaapa kutonunua tena kitu chenye kioo cha kupapasa. Sasa aliketi barazani akipiga simu hadi Karagwe kwa sauti ya makusudi, ili wenye simujanja wasikie.

Na kulikuwa na jambo la pili, la ajabu kuliko la kwanza. Umeme ukikatika, mtandao unapona. Watu wa Kamachumu waliligundua hili kabla ya wataalamu wowote, na ikafika mahali kijana wa bodaboda akimaliza chakula cha jioni anauliza, "Leo hawakati?"

Katikati ya hayo Binamu akapiga kutoka Minnesota kwa WhatsApp kuuliza zawadi imepokelewaje. Nilikuwepo, nimepanda kutoka Bukoba kumwona mpwa wangu. Sauti ilikuja vipande vipande, na yeye kule alikuwa hasikii kabisa tunachosema.

"Shangazi! Kile kifaa kinafanya kazi?"

"Kinafanya kazi sana, baba! Namsikia hata akimeza mate!"

"Nini? Shangazi? Halo?"

"Nasema kifaa ni kizuri! Simu ndiyo mbovu!"

Ikakatika. Mama akaweka simu chini kwa huzuni na kusema hawa watu wa mitandao wanakula hela za watu bure.

Niseme hapa kwamba mimi nilikwisha kuwa na kisa changu cha vitu visivyo na waya, nyumbani kwangu Hamugembe, mjini Bukoba. Geti letu la umeme lilikuwa linajifungua lenyewe usiku. Halifunguki kila usiku, na halina saa maalumu. Mke wangu alisema ni wezi, mama mkwe alisema ni mambo mengine, na mlinzi aliomba likizo. Fundi alipokuja hakutafuta wezi wala mambo mengine. Aliuliza nani mtaani amefunga geti karibuni. Jirani wa tatu alikuwa amefunga, kutoka duka lilelile, aina ileile. Fundi akafungua rimoti yetu, akatuonyesha viswichi 8 vidogo vilivyopangwa kwa mstari, vyote vimelala upande mmoja kama vilivyotoka kiwandani. Vya jirani vililala hivyohivyo. Kila alipochelewa kurudi akabonyeza rimoti yake, alifungua kwake na kwetu. Viswichi 8, kila kimoja juu au chini, vinatoa michanganyiko 256. Fundi akachagua mmoja, akatoza hela ya soda, akaenda.

Mke wangu alitaka kumshitaki jirani. Hapo ndipo fundi alipotuambia jambo ambalo lilinikaa. Rimoti zile zinatumia megahezi 433, kipande cha masafa kilichoachwa wazi kwa vitu vidogo vya nguvu ndogo. Huombi leseni kukitumia, lakini pia huna wa kumlalamikia. Mkigongana na mtu mwingine humohumo, mnavumiliana.

Mhaya akielezwa hivyo anaelewa upesi, kwa kuwa ndivyo tulivyokaa na ardhi tangu zamani. Kuna kibanja na kuna rweya. Kibanja ni shamba lenye mwenyewe: migomba yake, kahawa yake, makaburi ya wazee wake, na ukiingia bila hodi una kesi. Rweya ni ile mbuga ya nyasi kati ya vijiji. Yeyote huchunga, hukata nyasi za kutandika na za kuezeka, lakini hakuna wa kuweka uzio, na ukikuta mwenzio amewahi kukata zile ulizozitaka, unasogea mbele. Masafa ya redio yamegawanywa hivyo. Makampuni ya simu, vituo vya redio, ndege, polisi na meli wana vibanja vyao, na kibanja kina gharama: mnada wa masafa ambao TCRA iliuendesha Oktoba 2022 ulivuna dola za Marekani zipatazo milioni 187. Wi-Fi ya nyumbani, Bluetooth ya spika, rimoti ya geti na ufunguo wa gari wanachunga rweya.

Rweya yenyewe wakati mwingine ilianza kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Mkutano wa kimataifa wa Atlantic City, Marekani, mwaka 1947, ulitenga masafa ya kutumiwa na mitambo ya viwandani, ya sayansi na ya tiba, mitambo ambayo haipeleki habari yoyote, inapasha vitu moto tu. Mojawapo ni yale ya megahezi 2450, ambamo maikrowevu inapasha chakula hadi leo. Wenye redio za maana hawakutaka kukaa karibu na jiko. Ilipofika 1985 Marekani ikaruhusu vifaa vidogo vya mawasiliano vikae humo bila leseni kwa sharti la kuvumilia, na watoto wa ruhusa hiyo ndio Wi-Fi na Bluetooth. Ndiyo maana shemeji yangu alipopasha matoke dakika za mwisho za mechi ya Simba na Yanga, tuliyokuwa tunaiangalia kwa intaneti ya Wi-Fi, picha iliganda mpaka matoke yalipoiva. Tuligombana naye, lakini kisheria hakuwa na kosa. Jiko lilifika humo kabla ya mpira.

Turudi Kamachumu. Mafundi wa mtandao walikuja mara ya kwanza mchana, wakapanda mnara, wakapima, wakakuta afya tupu, wakashuka. Wenyeji waliwaambia waje usiku, nao wakatabasamu kama wanavyotabasamu wataalamu wakiambiwa kitu na mwenye rubisi mkononi. Lakini walipokwenda kusoma kumbukumbu za mtambo wao waliona yaleyale: kelele inaanza saa mbili usiku, inakoma alfajiri, na usiku ambao TANESCO wamekata, hakuna kitu. Mnara una betri na jenereta, kwa hiyo kilichokuwa kinazimika na umeme hakikuwa cha mnara. Kilikuwa cha nyumba ya mtu.

Wakarudi usiku. Walikuwa wawili, binti mhandisi na kijana wa kumshikia tochi. Binti alibeba antena ya fito na kipimo chenye skrini, anageuka taratibu, anaangalia mstari unapanda wapi. Walipita kwa wakala, wakapita parokiani, wakashika njia ya migombani, mstari unapanda tu. Walipofika kwetu tulikuwa tumekaa nje.

Binti akasalimia kwa Kihaya, na hapo akawa amekwisha kumpata Mama. Hakuna swali lililoulizwa kabla ya wageni kuketi na kupewa kahawa za kutafuna. Baadaye binti akaomba ruhusa kuzunguka nyumba. Alizunguka, antena ikakataa sebule, ikakataa jiko, ikasimama imeelekea bandani.

"Mama, samahani. Bandani kuna nini?"

"Kuna ng'ombe, mwanangu."

"Na kingine?"

"Kingine ni mimba yake."

Yule kijana wa tochi alikohoa. Binti akaingia bandani kwa adabu, akiinua miguu kukwepa samadi, na tukasikia kupitia kile kifaa cha Mama, kilichokuwa mezani dirishani, sauti yake ikisema wazi kabisa: "Hee! Kumbe hiki hapa." Mama akashtuka, akaniambia, "Unaona kinavyosikia?"

Walikitoa kwenye nguzo wakakigeuza. Chini pana kibandiko: jina la kiwanda, namba ya kibali cha tume ya mawasiliano ya Marekani, na maneno mawili ambayo binti alituonyesha kwa kidole, DECT 6.0. Akachomoa plagi. Kabla hajamaliza kueleza, simu zetu zote zikaanza kulia pamoja, ujumbe uliokwama jioni nzima unaingia, na kwa mbali upande wa parokia tukasikia mtu anapiga vigelegele. Sijui alipata ujumbe gani.

Maelezo yake yalikuwa haya. Simu za 3G zina njia mbili. Mnara unasema na simu kwenye megahezi 2110 hadi 2170, na simu zinaujibu mnara kwenye 1920 hadi 1980. Sauti ya mnara ni kubwa, ndiyo maana vijiti vilisimama vyote. Majibu ya simu ni madogo sana, na mnara lazima uyasikie yote kwa pamoja. Kifaa chetu kinarusha kwenye 1920 hadi 1930, ndani ya njia ya majibu, usiku kucha, kutoka kwenye nguzo iliyo chini tu ya mnara. Kina nguvu ndogo, lakini hakinyamazi. Kiswaswadu cha Baba Mdogo hakikudhurika kwa kuwa kinatumia 2G, na pale inapita kwenye masafa mengine ya chini kabisa. Baba Mdogo alipoelezwa hivyo alisimama, akapeana mikono na wote.

Namba ile ya 6.0, alituambia, haina maana yoyote. Kabla yake Wamarekani walikuwa na simu za mezani zisizo na waya za gigahezi 5.8, na wauzaji wakaona mpya ikiandikwa 1.9 wateja watadhani wamerudishwa nyuma. Ni jina la sokoni tu.

Mama alisikiliza hadi mwisho kisha akatoa hoja ambayo, kwa maoni yangu, ni ya kisheria kabisa.

"Hakikuibwa. Kimenunuliwa dukani, kikapita kwa serikali ya Marekani, kikapewa namba. Wewe unanionyesha hiyo namba kwa kidole chako. Sasa kosa la ng'ombe wangu ni lipi?"

Na Binamu, aliyepatikana kwa simu dakika zilezile kwa sauti safi ambayo hatujawahi kuisikia, aliunga mkono kwa nguvu. Kifaa hakihitaji leseni! Watu milioni wanacho! Hakuna aliyewahi kumgongea mtu mlango Minnesota!

Alikuwa na haki, kwa Minnesota. Kule, megahezi 1920 hadi 1930 ni rweya: simu za mkononi za Marekani zinajibu minara chini ya 1920 na minara inasema nazo juu ya 1930, na kipande cha katikati wameachiwa wenye vifaa vidogo. Huku kwetu kipande hichohicho ni kibanja cha mtu aliyekilipia. Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, lililoanzishwa Paris mwaka 1865 enzi za telegrafu, limeigawa dunia sehemu tatu kwa ajili ya masafa: Afrika na Ulaya na Waarabu wamo sehemu ya kwanza, bara lote la Amerika ni ya pili, na eneo kubwa la Asia pamoja na Australia ni ya tatu. Kila nchi nayo ina mpango wake ndani ya sehemu yake. Ulaya, simu za nyumbani za aina hiyo hukaa kwenye 1880 hadi 1900, hazigusi njia ya 3G. Hata Australia na New Zealand wamewahi kuwaonya wananchi wao juu ya hizi za Marekani kwa sababu ileile iliyomtoa binti yule kitandani. Msamaha wa leseni haupandi ndege pamoja na kifaa.

Ushahidi mwingine ulikuwa umeegeshwa pale pale uani: IST ya Baba, iliyotoka Japani. Redio yake inaanzia megahezi 76 na kukomea 90, kwa kuwa FM ya Japani iko huko chini, na yetu inaanzia 87.5 hadi 108. Baba akiendesha kutoka Bukoba kupitia Kemondo na Muhutwe hupata vituo vichache vilivyobahatika kuwa chini ya 90, vingine vyote kwake havipo. Na kila asubuhi akiwasha gari, mwanamke anamwambia jambo kwa Kijapani, kwa heshima kubwa. Ni kisanduku cha kulipia barabara za Japani kwa mawimbi, kinalalamika hakina kadi. Baba humjibu "Marahaba."

Mdogo wangu alimnunulia kile kidude cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, kinachochukua muziki kwenye simu kwa Bluetooth na kuurushia redio kwa FM. Kwa kuwa kidude kinaanzia 87.5 na redio inakomea 90, kilibaki kichochoro chembamba tu cha kukutana, na kichochoroni humo mara nyingi pana kituo halali. Ulaya wanaruhusu vidude hivyo kwa sharti visizidi nanowati 50, yaani nguvu ya kutoka siti ya mbele hadi dashibodi. Mdogo wangu hakuridhika. Kulikuwa na msiba ukoo wa juu, akawaza kukifungua, kukiongezea nguvu na kuvuta antena hadi juu ya mgomba, ili nyimbo zisikike kijiji kizima kwenye redio za watu. Fundi redio wa Muleba alimkatalia katakata. FM inakomea 108, na juu yake kidogo, 118 hadi 137, ndipo marubani wanapozungumza, na mtambo wa kuungaunga haujui kukaa kwenye mstari wake. Uwanja wa ndege wa Bukoba uko kandokando ya ziwa, na sisi Kagera hatuna hamu ya kuwaongezea marubani tabu. Nilimpenda fundi yule kuliko watu wengi wenye vyeti.

Watu wa mpakani sisi, tena, hatuna kisingizio cha kutojua. Kwa miaka mingi umeme wetu ulitoka Uganda. Redio za Kampala tunazisikia bila kuzialika. Ukikaribia Mutukula simu inakukaribisha nchi ya pili kabla hujaonyesha kitambulisho. Kama nchi zisingekaa mezani kupanga nani atumie nini, basi Bukoba ingekuwa inasikia kila mtu na haielewi mtu.

Binti mhandisi hakumnyang'anya Mama kifaa. Alisema wazi hana mamlaka hayo. Yeye ni wa kampuni, na mwenye mamlaka ni TCRA, ambayo kwa sheria ya mwaka 2010 ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ndiyo inayotoa leseni za masafa na kuidhinisha vifaa kabla havijaingizwa na kutumiwa nchini. Kuwa na nguvu ndogo hakukiondolei kifaa sharti hilo la kuidhinishwa, na kurusha kwenye masafa ya mwingine ni kosa hata kama mrushaji ni ng'ombe. Aliomba tu kisiwashwe tena, si Kamachumu, si Bukoba, si kwa jirani atakayekiomba. Mama akamuuliza ana watoto wangapi. Akasema bado. Mama akasema basi ndiyo maana anatembea usiku, akamfungashia ndizi.

Kabla hawajaondoka Binamu, akiwa bado hewani, alifurahi kutangaza mzigo unaofuata: redio koli nne za kisasa, za Mjomba na mitumbwi yake kisiwani Bumbire, zinafika maili nyingi, hazihitaji leseni! Binti akafumba macho kidogo. Akauliza zinatumia masafa gani. Binamu akasoma kwenye boksi: 462 na 467. Kule, akaeleza binti, hizo ni huria. Huku masafa hayo si ya watu wote, na Mjomba akitaka redio koli majini akaombe leseni yake, kwa redio za baharini zilizo na chaneli 16 ya dharura, megahezi 156.8, ambayo vyombo vya majini kote duniani vinaisikiliza. Redio isiyosikika na anayeweza kukuokoa ni ya nini ziwani? Binamu alinyamaza, kisha akasema boksi halijafunguliwa, atalirudisha dukani.

Mtamba alizaa wiki hiyo, saa nane usiku, kijana wa kazi amelala bandani na tochi. Ndama ni jike, mzima, na Mama amemwita Minnesota. Kifaa kiko kabatini bila chaja. Chaja amechukua Baba Mdogo, inaingia kwenye kiswaswadu baada ya kukatwa na kuungwa.

Sasa neno kwenu mlioko Marekani na Kanada mnaofunga masanduku ya nyumbani. Geuzeni kifaa msome kibandiko cha chini kabla ya kulipa. Kikiandikwa DECT 6.0 au 1.9 GHz, kiwe simu ya mezani au cha kusikilizia mtoto, kiacheni huko. Redio koli zenye chaneli za FRS au GMRS, yaani zile za 462 na 467, ziacheni pia. Mkiwa na shaka, ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Mtumeni ndugu akaulize kabla mzigo haujapanda meli.